Rimu Inang'aa, Lakini Itakubeba?

Umetoka Mukuru kwa Reuben na Impreza yako, unaenda kuikimbiza Whistling Morans kule Athi River. Poa. Inama kwanza uangalie hizo rimu.

Wachana na rangi. Ing'oe, igeuze, tafuta herufi JWL kwenye chuma chenyewe, si stika. Hicho ni kiwango cha Japani. Ukiona na VIA, imepimwa na mkaguzi huru. Lakini alama huigwa, kwa hivyo endelea kukagua.

Pitisha kidole nyuma, pale spoku inashikana na ukingo. Ukipata alama ya welding, achana nayo. Mimi niliuziwa nne kwa bei ya kutupa, moja ilikuwa imechomelewa na kupakwa rangi juu. Wiki nzima nikilaumu tairi kwa kupoteza upepo! Shimo la barabarani huenda ikavumilia. Kona ya kasi, hapana: moto wa kuchomelea hudhoofisha aloi.

Impreza nyingi za zamani ni nati 5 kwa duara ya milimita 100. Ukiletewa ya 114.3, usikubali fundi atoboe upya. Na nati zikaze kwa spana ya kupima, si kwa kukanyaga. Ukimaliza mizunguko ya kwanza, ngoja zipoe, uzipime tena.