Fildi kwenye kampuni kubwa: mwanao yuko kazini, lakini hajaajiriwa

Vyuo vinapofunga kwa likizo ndefu, wanafunzi wengi hawarudi nyumbani. Wanakwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, ambayo wengi wetu tunayaita fildi. Akipata nafasi kwenye kampuni kubwa, habari huenea kijijini upesi kwamba mtoto wa fulani kapata kazi Dar. Wiki tatu baadaye mtoto anapiga simu kuomba nauli. Mzazi anabaki anajiuliza: mtu yuko kampuni kubwa namna ile, anaombaje hela?

Swali hilo limeleta maneno katika familia nyingi. Leo tunaeleza fildi ni nini, inagharimu nini, na mwanafunzi afanye nini ili asirudi mikono mitupu.

Fildi ni sehemu ya masomo

Mwanafunzi wa fildi bado yuko darasani, ila darasa limehamia kazini. Chuo humpa barua ya utambulisho, kampuni humpokea na kumpangia msimamizi. Mwalimu wa chuo naye huja kumkagua. Mwishoni anapewa alama kama za mtihani. Kwa wanafunzi wengi wa vyuo vikuu, mafunzo haya huchukua takribani wiki 8.

Kwa kawaida hakuna mshahara. Baadhi ya kampuni hutoa posho ya nauli au chakula cha mchana, nyingine hazitoi chochote. Kwa hiyo mtoto anayeomba hela si lazima awe anatapanya.

Tupige hesabu ndogo. Mwanafunzi anayepanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, siku 5 kwa wiki, atapanda daladala mara 160 katika wiki 8. Nauli ikiwa shilingi 600 kila mara, hiyo ni shilingi 96,000, kabla ya chumba na chakula. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ina fungu la mafunzo kwa vitendo, lakini si kila mwanafunzi analo. Ni vizuri familia ikae na mtoto na kupiga hesabu hii kabla hajaondoka. Kama kuna ndugu anayeishi karibu na kampuni hiyo, aombwe mapema.

Huko ndani kukoje?

Tuchukue mfano wa binti anayesomea umeme, aliyepokewa kwenye kiwanda cha saruji. Siku ya kwanza hagusi mashine. Anapewa mafunzo ya usalama, kisha kofia ngumu, miwani, barakoa ya vumbi na viziba masikio. Viatu vya usalama huenda akatakiwa kuja navyo mwenyewe, hivyo aulize kabla.

Kisha anatembezwa. Anaona mawe ya chokaa yakipondwa, yakisagwa pamoja na udongo, na kuingia kwenye tanuri refu linalozunguka, lenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Kinachotoka husagwa tena pamoja na jasi, na hapo ndipo unapata saruji ya mfuko wa kilo 50 tunayojengea nyumba. Chuoni mota aliyofundishiwa ilikaa juu ya meza. Hapa kuna mota ambazo huinuliwa kwa kreni.

Katika viwanda vya namna hii kuna kanuni moja ambayo haina mzaha. Kabla fundi hajagusa mashine, umeme hukatwa, swichi hufungwa kwa kufuli, na kibao chenye jina lake huning'inizwa hapo. Sababu ni kwamba mtu aliye chumba cha kuendeshea mitambo anaweza kuiwasha bila kukuona. Mwanafunzi akiambiwa aingize mkono kwenye mashine ambayo haijafungwa, akatae kwa adabu na amwite msimamizi wake. Hakuna alama zinazorudisha vidole.

Tatizo la kukaa bure

Wanafunzi wengi hulalamika kwamba siku za mwanzo walitumwa kutoa fotokopi na kuchukua chai. Mara nyingi si dharau. Mafundi wana kazi nyingi, na wanahofu mgeni asiharibu kitu au kujiumiza.

Kinachosaidia ni kufika kabla ya kikao cha asubuhi, kumwomba msimamizi akuweke chini ya fundi mmoja, na kuanza kwa kubeba vifaa vyake. Maswali yaulizwe kazi ikishaisha, si fundi akiwa juu ya ngazi.

Jambo la pili ni daftari la kila siku. Ukiandika "leo nilimsaidia fundi", hujaandika kitu. Andika hivi: "Mota ya mkanda ilisimama. Tulikata umeme, tukafunga kufuli, tukapima nyaya, tukakuta beringi imekufa, tukabadilisha." Maelezo ya namna hiyo yanakupa alama chuoni, na siku ya usaili wa kazi yanakupa cha kusema. Msimamizi alisaini kila wiki, maana mwisho wa fildi anaweza kuwa safarini.

Na simu? Kampuni nyingi kubwa zinakataza kupiga picha ndani. Picha moja ya kujionyesha kwenye mtandao inaweza kukatisha fildi yako. Uliza kwanza.

Msikubali haya

Akitokea mtu anayedai hela ili mtoto apate nafasi ya fildi, shaka iwepo. Mwombaji apeleke barua ya chuo ofisini kwa kampuni yenyewe.

Na kuna la kutisha zaidi: bosi anayetaka ngono ili atoe nafasi au alama. Hiyo ni rushwa ya ngono, na ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mwanafunzi amweleze mwalimu wake wa chuo, na apige simu TAKUKURU namba 113, bila malipo. Mzazi, mwambie mwanao mapema kwamba akikuambia jambo hilo utamwamini. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kufelishwa na kugombezwa nyumbani.

Mzazi aliye mbali afanye nini?

Ukimpigia, badala ya kuuliza "wamekulipa?", uliza "wiki hii umefanya kazi gani kwa mikono yako?" Akishindwa kujibu wiki mbili mfululizo, mshauri aongee na msimamizi, na ikishindikana, mwalimu wa chuo. Wiki 8 huisha upesi. Kabla hajaondoka, hakikisheni ana daftari lililosainiwa, barua ya kumaliza mafunzo, na namba ya simu ya msimamizi wake. Nafasi ya kazi ikitokea kesho, anayo namba ya mtu wa kumuuliza.