Jiko bora la Goma huishi miaka mingapi?

Anayeingia kwenye biashara ya majiko ya kubana makala mjini Goma hukutana na namba mbili kabla hajakutana na mteja. Ya kwanza ni kiasi cha makala ambacho jiko huokoa, na hutajwa kuwa theluthi hadi nusu ya kile kinacholiwa na mbabula (jiko la bati) ya kawaida. Ya pili ni miaka ambayo jiko litaendelea kuokoa. Namba ya kwanza hupimwa, hubishaniwa na kupigiwa debe. Ya pili hupita bila maswali. Afisa mmoja anayefuatilia miradi ya nishati mjini huitaja kuwa miaka 5, na ndiyo inayoingia kwenye hesabu za wafadhili, za wakopeshaji na za wanunuzi wa hati za kaboni, yaani vyeti vya hewa ukaa iliyoepukwa. Akiulizwa imetoka wapi, humwelekeza muulizaji kwa mtengenezaji. Mtengenezaji naye husema aliikuta kwenye maelezo ya mradi. Hakuna katika mnyororo huo anayedai kuwa alizunguka jikoni mwa watu na kuhesabu. Hoja ya ukurasa huu ni kwamba namba hiyo ya pili ndiyo iliyobeba biashara nzima, na kwamba kwa mazingira ya Goma miaka 5 ni mingi mno.

Ukubwa wa jambo unafahamika. Mji wenye zaidi ya watu milioni moja hupika kwa makala, na makala hayo hutoka Masisi na Rutshuru kwa lori na chukudu (baiskeli za mbao), hutoka ng'ambo ya Ziwa Kivu kwa mitumbwi, na sehemu kubwa hutoka ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 7,800 hivi. Mwaka 2007, sokwe walipouawa hifadhini, uchunguzi uliwaelekeza watu moja kwa moja kwenye biashara ya makala. Tangu wakati huo fedha za nje zimemiminwa katika njia mbili: kupanda mikaratusi na miti mingine ya makala kwenye mashamba ya wakulima, na kueneza majiko bora mjini. Mti uliopandwa unaonekana, na ukikatwa pengo lake linaonekana pia. Jiko ni tofauti. Likishauzwa huingia ndani ya nyumba, na siku linapokufa hakuna anayetoa taarifa. Katika ripoti litaendelea kuokoa msitu kwa miaka, huku mwili wake ukiwa kwenye rundo la vyuma chakavu.

Na jiko hufa kwa namna ambayo kila mama wa mitaa ya Ndosho au Majengo anaijua. Muundo unaouzwa zaidi ni wa ukoo wa lile jiko la udongo lililobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980: kopo la bati nje, kikombe cha udongo uliochomwa ndani, na kitako chenye matundu kinachoshikilia makala. Udongo ndio unaozuia joto lisipotee, kwa hiyo uhai wa udongo ndio uhai wa faida yote. Bugali husongwa kwa nguvu, na sufuria inapozunguka, jiko lililosimama juu ya jiwe la lava lisilo sawa hutikisika mpaka saruji inayoshika kikombe inaachia. Maharagi yakiiva, makala yaliyobaki humwagiwa maji ili yatumike kesho, na maji yakigusa udongo wa moto ufa huanza. Kitako ndicho hutangulia kutoboka. Hapo makala huangukia kwenye majivu kabla hayajaisha kuwaka, na mpishi huongeza mengine. Jiko bado linaitwa jiko bora, bado lina rangi yake, lakini linakula karibu sawa na mbabula lililokuja kuiondoa.

Ndiyo maana swali la umri lina maswali mawili ndani yake, na hesabu nyingi za hapa huyachanganya. La kwanza: kati ya majiko 100 yaliyouzwa, mangapi bado yapo na yanapikiwa? La pili: yale yaliyopo yanaokoa kiasi gani kulinganisha na siku ya kwanza? Wenzetu wanaosimamia matumizi bora ya umeme huko California walishatenganisha mambo hayo zamani. Umri wa taa, friji au mota kwao ni ule muda ambao nusu ya vifaa vilivyofungwa bado vipo mahali pake na vinafanya kazi. Kuchakaa kwa ufanisi huhesabiwa kando. Kipimo hicho cha nusu kina busara, kwa sababu majiko machache yanayotunzwa kwa miaka 7 na bibi mmoja mwangalifu hayawezi kuvuta wastani wa majiko yote juu. Anayeuza huonyesha lile la bibi. Anayekopesha anapaswa kuuliza lile la 50 kati ya 100.

Tuchukue mfano wa karatasi tu, ili uzito wa jambo uonekane. Kaya inayochoma gunia 12 za makala kwa mwaka inanunua jiko linalookoa asilimia 40. Kwa hesabu ya afisa, kila jiko litaokoa karibu gunia 5 kwa mwaka, na kwa miaka 5 gunia 24. Sasa tuseme kwamba kwa wastani majiko yaliyo kazini ni 85 kati ya 100 mwaka wa kwanza, kisha 62, 35, 15 na 5. Na kwamba yale yaliyobaki yanashuka kutoka kuokoa asilimia 40 hadi 32, kisha 25, na mwisho 20. Ukijumlisha, kila jiko lililouzwa limeokoa takriban gunia 8. Hakuna aliyedanganya juu ya siku ya kwanza, na bado theluthi mbili za faida zimeyeyuka. Tena hapo hatujagusa tabia inayojulikana na kila mtu ya kuwa na majiko mawili: jipya la chai na mboga, na mbabula kubwa ya maharagi na ya siku za wageni.

Anayedhani mfano huo ni wa kukatisha tamaa kupita kiasi aangalie yaliyopimwa kwingine. Katika jimbo la Orissa, India, watafiti walifuatilia kaya zilizopewa majiko ya udongo kwa miaka 4 badala ya miezi michache. Mwaka wa kwanza moshi unaovutwa na wapishi ulipungua. Baada ya hapo tofauti ilipotea, kwa sababu watu hawakuyakarabati na matumizi yalishuka mwaka hadi mwaka. Kuni hazikuokolewa. Yale yalikuwa majiko ya aina nyingine na ya vijijini, kwa hiyo hatuwezi kuyahamishia Goma jinsi yalivyo. Kinachohamishika ni fundisho la kipimo: aliyepima mwaka wa kwanza na kuondoka angeandika ushindi.

Malalamiko ya upande wa sokoni yanastahili nafasi yake, maana ndiko umri wa jiko unakoonekana bila mapambo. Muuzaji mmoja wa majiko upande wa Birere anaelezea mambo kwa mpangilio huu. Mradi ulipokuja, majiko yaliuzwa kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mfadhili alilipa sehemu iliyobaki. Wateja wakaizoea bei ile. Mradi ulipofunga hesabu, bei ikarudi mahali pake na wateja wakamwona yeye mwizi. Vikombe vya akiba havikuwahi kuletwa kwa wingi, kwa sababu mradi ulihesabu majiko mapya tu. Kikombe kilichobadilishwa hakikuwa na safu yake kwenye fomu. Udongo mzuri lazima utoke nje ya mji, kwani Goma imekaa juu ya lava, na njiani kila kizuizi kinataka chake. Mafundi wa bati wakaona nafasi: wakatengeneza majiko yanayofanana kwa nje, yenye udongo uliochomwa nusu, yanayopasuka kabla msimu wa mvua haujaisha. Mteja aliyeumwa na lile haliamini tena hata lililo zuri. Kinachomuudhi zaidi, anasema, ni kwamba katika mikutano huulizwa ameuza mangapi, na hakuna aliyewahi kumuuliza mangapi yamerudi.

Tumsikilize kwa tahadhari pia. Jiko linalokufa mapema humletea mteja tena, na anayelaumu mafundi wa bati anawalaumu washindani wake. Hata hivyo, katika malalamiko hayo kuna dalili ambayo maofisi hayajaitumia. Idadi ya vikombe na vitako vinavyouzwa peke yake, ikilinganishwa na majiko mapya yaliyouzwa mwaka mmoja au miwili kabla, ni kipimo cha bure cha umri. Mji ambako vikombe vinauzwa sana ni mji ambako majiko yanaharibika lakini pia yanafufuliwa. Mji usiouza kikombe hata kimoja una moja kati ya mambo mawili: ama majiko yake ni ya chuma cha pua, ama yameshatupwa. Goma, kwa maelezo ya wauzaji, haielekei kwenye jibu la kwanza.

Pingamizi la kwanza husikika hata kwa wataalamu wenye nia njema: jiko hurudisha gharama yake ndani ya miezi michache, kwa hiyo umri si hoja. Kwa mama anayenunua makala kwa rundo dogo kila asubuhi, pingamizi hilo lina ukweli mwingi. Jiko likidumu mwaka mmoja tayari amepata. Lakini mama huyo ndiye pekee katika mnyororo anayeweza kuridhika na mwaka mmoja. Mkopeshaji anayegawa malipo kwa miezi 18 atajikuta kwa wateja wengi anadai deni la jiko lililokufa, na mteja hulipa deni la kitu kilichokufa kwa shida sana. Mfadhili aliyegawa gharama zake kwa gunia 24 atagundua kwamba kila gunia limemgharimu mara 3. Na msitu hauna habari na siku ya kurudisha gharama, unahesabu magunia.

Pingamizi la pili ni la vita. Itawezekanaje kufuatilia majiko katika mji uliochomwa na volkano ya Nyiragongo mwaka 2002, ambao lava ilifika tena viungani mwake Mei 2021, uliojaa wakimbizi wa ndani kisha ukawaona wakiondoka, na ambao benki zake zilifungwa vita vilipouingia mwishoni mwa Januari 2025? Ugumu huo ni wa kweli, ila unasaidia upande mwingine wa hoja. Familia inayokimbia hubeba watoto, magodoro na sufuria. Jiko zito la udongo hubaki. Jiko lililobaki nyuma limeacha kuokoa, hata kama halina ufa. Kwa hiyo kuhama ni sehemu ya umri wa jiko la Goma, kama vile kuoza kwa bati kulivyo, na aliyechukua miaka 5 kutoka mji tulivu amekopa umri usio wake. Wala kuhesabu hakuhitaji maabara. Mwezi na mwaka wa kuuzwa vikigongwa kwenye bati kwa msumari, kisha simu zikapigwa kila baada ya miezi 6 kwa wateja mia chache waliochaguliwa bila upendeleo, na asiyepatikana akaandikwa kuwa hajulikani badala ya kuandikwa kuwa anapika, tungekuwa na makisio bora kuliko tuliyo nayo.

Wapo wanaosema mjadala wote utapitwa na umeme. Mtambo wa Matebe kule Rutshuru, wa megawati 13 hivi, ulianza mwishoni mwa mwaka 2015; nyaya zikafika mjini, na masufuria ya umeme ya kupikia kwa mgandamizo yakaanza kutangazwa kama mwisho wa makala. Kwa maharagi, sufuria hiyo ni kiboko cha mbabula yoyote. Lakini swali la umri halikomi kwenye udongo. Mpira wa kifuniko huchakaa na dukani haupatikani kirahisi, umeme unaopanda na kushuka huchoma sehemu za ndani, na salio la mita likiisha katikati ya mwezi makala hurudi mezani. Sufuria inaweza kuwa nzima kabisa na isipike kwa wiki mbili. Takwimu za masufuria yaliyogawiwa hazisemi lolote juu ya hilo, na tayari zinasomwa kama zilivyosomwa za majiko.

Soko la kaboni ndilo huenda likalazimisha mabadiliko, ingawa pengine kwa njia ya maumivu. Kanuni zake hutaka mradi uonyeshe majiko mangapi bado yanatumika na ufanisi umeshuka kiasi gani, lakini utekelezaji umekuwa laini. Utafiti wa watafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2024, uliochunguza miradi ya majiko ya nchi mbalimbali, ulikadiria kwamba hati zilizotolewa zilizidi faida halisi karibu mara 9 kwa jumla. Sehemu ya ziada hiyo inatokana na makadirio ya msitu, sehemu na matumizi. Wanunuzi wa hati wameanza kuwa wagumu, na miradi inayotegemea fedha hizo inaweza kupungua kabla haijapata nafasi ya kujirekebisha.

Mwelekeo, basi, si mzuri wala haujafungwa. Bei ya makala ikiendelea kupanda, wateja hawatakosekana, na mafundi wanaochoma udongo vizuri wanaweza kupata soko la vikombe ambalo miradi ililipuuza. Barabara zikiendelea kufungwa na mikopo kukauka, jiko la bei rahisi na la uhai mfupi litashinda lile la kudumu, na ripoti zitaendelea kusema miaka 5. Hadi mtu ahesabu, mkopeshaji atafanya vyema kutotoa deni linalozidi miezi 12, na msomaji wa ripoti ya magunia yaliyookolewa kugawa kwa 3 kabla ya kupiga makofi.