Maua ya Moto Juu ya Mto Shinano

Wajapani huziita fataki hanabi. Neno hilo limeungwa kwa maneno mawili: hana, maana yake ua, na hi, maana yake moto, nayo hi ikifuata neno jingine hugeuka kuwa bi. Basi hanabi ni maua ya moto. Katika miezi ya Julai na Agosti, joto liwapo kali, miji mingi ya Japani huyarusha maua hayo usiku, na mara nyingi huyarusha kando ya mto. Hilo halifanywi kwa ajili ya uzuri tu. Zamani nyumba za Wajapani zilikuwa za mbao na karatasi, tena zimesongamana, na cheche moja iliweza kuteketeza mtaa mzima. Cheche ziangukazo majini hufa pale pale.

Sikukuu iliyo mashuhuri katika Tokyo, mji mkuu, hufanyika kwenye Mto Sumida. Mapokeo yasema kwamba ilianza mwaka 1733, baada ya njaa na maradhi kuua watu wengi. Baadaye mafundi wakubwa walikuwa wa nyumba mbili, Kagiya na Tamaya, nazo zilishindana vikali, huku watazamaji wakiita jina la nyumba waipendayo kila fataki nzuri ilipopasuka. Mwaka 1843 moto ulizuka katika nyumba ya Tamaya ukaunguza na nyumba za jirani, na mwenye nyumba akafukuzwa mjini. Lakini hata leo watu wakifurahishwa na fataki hupaza sauti, “Tamaya!”

Walakini mgeni atakaye kuona jambo hili lina maana gani kwa Wajapani, na aende Nagaoka. Mji huu uko katika jimbo la Niigata, upande wa Bahari ya Japani, na katikati yake hupita Mto Shinano, mto mrefu kuliko yote ya nchi ile, wenye kilometa 367. Fataki za Nagaoka hurushwa tarehe 2 na 3 Agosti kila mwaka. Miji mingi huchagua siku za mapumziko ili wageni wapate nafasi; Nagaoka haubadili tarehe zake, hata ziangukapo katikati ya juma.

Tangu mchana treni ziendazo mbio hushusha watu kwa maelfu. Wengi, wake kwa waume, huvaa yukata, vazi jepesi la pamba lifungwalo kwa mshipi, na mikononi hushika vipepeo vya karatasi. Njiani pana wauzaji wa mahindi ya kuchoma, ngisi wa kuchoma, tambi za kukaanga, na barafu iliyoparuzwa ikatiwa maji matamu ya rangi. Watu huketi katika ngazi za ukingo wa mto, kila jamaa mahali pake, wakangoja jua lishuke. Kungoja ni kurefu, lakini watoto hawaoni taabu maana chakula ni tele.

Kabla hazijaanza, yafaa kueleza namna fataki itengenezwavyo. Ni tufe la karatasi ngumu. Ndani yake hupangwa vidonge ambavyo mafundi huviita nyota, na katikati huwekwa baruti ya kulipasua. Nyota moja haifanywi kwa siku moja. Fundi huchukua punje ndogo, huivingirisha katika unga wa dawa ulioloweshwa, huianika juani, kisha huivingirisha tena, tabaka juu ya tabaka, mpaka ifikie ukubwa utakiwao. Kila tabaka laweza kuwa na rangi yake. Kwa sababu hiyo ua moja huchanua jekundu, likageuka kijani, likaisha jeupe. Rangi hutoka katika madini: strontiamu hutoa nyekundu, bariamu kijani, shaba buluu, na sodiamu manjano. Hilo la mwisho hata mpishi amekwisha kuliona, maji ya chumvi yanapofurika chunguni yakamwagikia motoni, na ndimi za moto zikageuka rangi ya manjano. Maana katika chumvi mna sodiamu.

Tufe likiisha kujazwa, hubandikwa karatasi nje, moja juu ya moja, kwa gundi. Kazi hii yaonekana ndogo, kumbe ndiyo yenye hatari ya kuharibu yote. Karatasi zikiwa dhaifu upande mmoja, moto utatoka upande huo, na ua litakuwa la kombo. Zikiwa na nguvu sawasawa pande zote, nyota hutawanyika sawasawa, na ua huwa mviringo kamili. Mtu aliye kaskazini na mtu aliye kusini huliona umbo lile lile. Kisha tufe hutiwa katika mzinga uliosimama wima. Baruti iliyo chini yake hulisukuma juu, na wakati huo huo huwasha utambi, ambao urefu wake umepimwa ili moto ufike ndani tufe likiwa karibu na kilele cha safari yake.

Lililo kubwa kuliko yote Nagaoka lina upana wa karibu sentimeta 90 na uzito wa kilo 300 hivi. Hupanda kadiri ya meta 600, na ua lake huenea kadiri ya meta 650. Mtazamaji huona nuru kwanza, na mshindo humfikia baadaye, kwani sauti husafiri meta 340 hivi kwa sekunde. Akihesabu sekunde tatu baina ya nuru na mshindo, ajue kwamba ua lile limechanua mbali naye kiasi cha kilometa moja. Mshindo huo hausikiwi kwa masikio tu, hugonga kifua.

Wako wazee wa Nagaoka waliojua mshindo mwingine. Usiku wa tarehe 1 Agosti 1945, saa nne na nusu, ndege 125 za Marekani zilifika juu ya mji. Mabomu yake hayakuwa ya kubomoa bali ya kuchoma, yamejaa mafuta mazito yenye kunata. Kwa muda usiotimia saa mbili sehemu nane katika kumi za mji ziliteketea. Wengi walikimbilia Mto Kaki, mto mdogo upitao mjini, wakidhani maji yatawaokoa, nao wakafa humo. Waliokufa usiku ule ni zaidi ya 1,480, na watoto wa shule walikuwamo. Majuma mawili baadaye vita vikaisha.

Nagaoka walikuwa wamerusha fataki tangu mwaka 1879, lakini wakati wa vita jambo hilo lilikoma. Mwaka 1946, tarehe ile ile ya 1 Agosti, watu waliobaki walifanya sikukuu ya kuujenga mji upya, na mwaka 1947 fataki zikarudi. Pengine mtu atauliza: je, watu waliounguzwa kwa moto kutoka juu, wawezaje kuwakumbuka wafu wao kwa moto wa juu? Watu wa Nagaoka hawajibu kwa maneno mengi. Tarehe 1 Agosti, jioni, huelea taa za karatasi juu ya maji ya Mto Kaki. Kisha saa nne na nusu za usiku, saa ile ndege zilipofika, kengele za mahekalu hupigwa, na fataki ziitwazo Shiragiku hupanda. Maana ya jina hilo ni ua jeupe la namna ipelekwayo kwa wafu. Hazina rangi nyingine. Huchanua nyeupe, huteremka polepole, hutoweka.

Aliyeitengeneza Shiragiku ni fundi Kase Seiji wa Nagaoka. Baada ya vita alifungwa Siberia pamoja na askari wengi wa Kijapani, na wenziwe walikufa huko kwa baridi na kazi ngumu. Mwaka 1990 alikwenda katika mji wa Khabarovsk, akarusha fataki zake juu ya Mto Amur kwa ajili yao. Na mwezi wa Agosti 2015, miaka 70 baada ya vita, Shiragiku zilirushwa Pearl Harbor katika visiwa vya Hawaii. Ikumbukwe kwamba Japani ilipashambulia mahali hapo tarehe 7 Desemba 1941, na aliyefanya shauri la shambulio lile, jemadari Yamamoto Isoroku, alizaliwa Nagaoka. Basi watu wa miji miwili iliyoumizana walisimama pwani moja, wakatazama juu pamoja.

Usiku wa tarehe 2 na 3 haukosi furaha, wala isidhaniwe kwamba watu hukaa wakilia. Liko kundi la fataki liitwalo Phoenix, jina la ndege wa hadithi afufukaye katika majivu, nalo lilianza mwaka 2005, baada ya tetemeko kubwa la tarehe 23 Oktoba 2004 kuubomoa mkoa ule. Hupasuka kwa mfululizo kandokando ya mto, urefu wa karibu kilometa 2, hata mtazamaji hageuzi shingo akaziona zote. Watoto hushangilia, na watu wazima pia, ingawa wengine wamekuwa wakiziona kila mwaka ila 2020 na 2021, zilipokatazwa kwa sababu ya maradhi ya korona.

Ya mwisho ikiisha kuzimika, moshi hutanda juu ya mto, na kwa kitambo hakuna aondokaye. Mafundi wako ng’ambo, gizani, nyuso zao hazionekani. Ndipo watu wote walioketi ukingoni huwasha taa ndogo mikononi na kuzipunga juu, ukingo mzima wa mto. Na kutoka ng’ambo ya pili mafundi nao hupunga taa zao nyekundu, wakiitikia.