"Ndiyo" ya Mgonjwa Isituhadae

Kila mwalimu anajua kwamba swali "Mmeelewa?" halipimi kitu. Darasa zima huitikia "Ndiyo!", kisha mtihani ukafichua mengine. Hospitalini, itikio hilohilo laweza kukatiza uhai.

Tutazame Garissa na Kaskazini Mashariki kwa jumla. Wagonjwa wengi huzungumza Kisomali, ilhali baadhi ya wauguzi na madaktari hutoka kwingineko na hutumia Kiswahili au Kiingereza. Isitoshe, jina kamili la Msomali huwa lake, la babaye na la babuye, na akina Abdi, Mohamed na Fatuma ni wengi mno. Muuguzi akiuliza, "Wewe ndiwe Abdi Mohamed?", mgonjwa asiyeelewa huitikia kwa adabu, na sindano ya mwenziwe ikamwingia yeye.

Hii si hofu tupu. Mwaka 2018, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa alipasuliwa kichwa kwa upasuaji uliokusudiwa mwingine, kwa kuwa wawili hao walichanganywa.

Hapana budi, basi, kuuliza swali lisilojibika kwa "ndiyo": "Jina lako nani? Mama yako anaitwaje?" Jibu lilinganishwe na faili. Kuhusu dawa: "Nieleze utakavyozimeza." Na mkalimani awe mtu aliyefunzwa, si mtoto aliyemsindikiza nyanyaye.

Vyuo vya uuguzi vifunze kuuliza kama vinavyofunza kudunga sindano. Kuuliza si ujinga, walinena wahenga. Kuuliza vibaya ni hatari.