Matembezi ya Mlimani Sarajevo: Usiiache Njia

Mtu wa pwani ukimwambia kwamba kuna watu wapandao milima bila ya kutafuta kuni wala mbuzi aliyepotea, hukutazama kwa huruma. Nami ni mmoja wao. Nimelelewa mahali ambapo kupanda kwetu kukubwa ni ngazi za mnara wa msikiti, na miaka hamsini na kitu niliyo nayo imenizidishia goti la kulia linalolalamika kila mvua ikikaribia. Kwa hiyo nilipoalikwa kwenda kusoma mashairi Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, nikaambiwa nisisahau viatu vya kutembelea mlimani, nilicheka. Nilifunga makubadhi yangu, na raba nikazitia chini ya sanduku kwa shingo upande.

Ndugu msomaji, raba zile ndizo zilizofanya kazi.

Mji wenyewe umelala bondeni, kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari, mto Miljacka umeupasua katikati, na milima imeuzunguka kama kingo za bakuli. Uzuri wake ni kwamba huhitaji safari ndefu kuifikia milima hiyo. Watoka msikitini, wapita sokoni, na mara miguu yaanza kupanda.

Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu wa dini, mzee aliyepita sabini, aliyesoma Misri ujanani. Lugha yetu ilikuwa Kiarabu chake cha Kairo na changu cha chuoni, nacho changu kilichechemea kuliko goti. Mimi nilimwita maalim, yeye aliniita sheikh, cheo ambacho kwetu hakuna aliyepata kunipa.

Jambo la kwanza alilonionyesha halikuwa mlima. Lilikuwa mnara wa saa ulio karibu na Msikiti wa Gazi Husrev-beg, msikiti uliojengwa mwaka 1531. Saa ile haifuati hesabu ya Wazungu: mishale yake hufika kumi na mbili Magharibi inapoingia. Nilisimama nikacheka peke yangu, maana tangu utoto nimekuwa nikiwaeleza wageni kwa nini saa yetu ya Kiswahili yaanza na giza, na kumbe nina ndugu Ulaya! Tofauti ni kwamba kwao jua la Juni na la Disemba si moja, kwa hiyo yuko mtu wa kuirekebisha saa ile kila baada ya siku chache. Kwetu jua halina michezo hiyo.

Mwezi wa Juni jua la Sarajevo huchwa yapata saa mbili na nusu za usiku kwa hesabu yetu. Mtembezi aweza kunywa chai yake taratibu, akatoka jua limepanda, na bado akarudi kabla ya Magharibi.

Siku ya kwanza tulianza na pepesi kuliko zote. Tulipanda tramu hadi Ilidža, kisha tukafuata barabara iliyonyooka, kiasi cha kilomita tatu, yenye miti mikubwa pande zote mbili, mpaka chemchemi ya mto Bosna chini ya mlima Igman. Asiyetaka kutembea hukodi gari la farasi. Maji hutoka chini ya jabali yakiwa baridi ya kuuma meno. Ni mahali pa watoto na bibi zao, wala sina mengi ya kupasimulia, ila kahawa. Wao huiita kahva, nacho kikombe chake ni fildžan. Sisi twasema finjani.

Siku ya pili ndiyo iliyonikaa moyoni. Tulikwenda Trebević, mlima wenye zaidi ya mita 1,600, ambao waweza kuuona ukiwa umekaa sokoni. Hupandi kwa miguu usipotaka. Kuna vijumba vya vioo vinavyoning'inia kwenye waya mnene, navyo hukufikisha kituo cha juu kwa dakika chache. Nilisoma Ayatul Kursiyyu mara tatu kabla hatujafika.

Waya ule ulianza kazi mwaka 1959, na watu wa mji wakauzoea kuwa njia yao ya kwenda kupunga upepo. Mwaka 1984 palifanyika michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, na juu kule wakajenga mfereji wa saruji, wenye kupindapinda kama nyoka, wa kushindania vigari vya kuteleza juu ya barafu. Miaka minane baadaye vita viliingia. Mlinzi wa kituo cha juu aliuawa mwezi wa Machi 1992, na mwezi uliofuata mji ukazingirwa, ukabaki hivyo hadi Februari 1996. Milima ile ile ya matembezi ikawa ndiyo ya mizinga.

Leo mfereji ule umejaa michoro ya rangi ya vijana, na watu hutembea ndani yake wakiteremka polepole. Maalim aligusa ukingo wake akasema kwamba siku za vita alikuwa huko chini akichota maji kwa madumu, na waliokuwa wakimlenga walisimama hapa. Waya ulifunguliwa tena tarehe 6 Aprili 2018. Kwa miaka ishirini na sita aliutazama mlima huu kila siku kutoka dirishani kwake, asiukanyage hata mara moja.

Tuliingia msituni. Njia za huko zimewekewa alama kwenye miti na mawe, duara jekundu lenye kitone cheupe katikati, na anayeifuata hapotei. Kupanda kwake ni kwa upole, kivuli ni kingi, na harufu ya misonobari yafungua kifua. Adhuhuri ikaingia. Nikaona hatua kumi kutoka njiani pana majani laini, safi, kama busati lililotandikwa kwa ajili yetu. Nikavuta mguu kuelekea huko.

Maalim alinishika mkono wa shati kwa nguvu ambayo sikumdhania. Hakusema neno. Alinionyesha kwa kidole njia tuliyosimama, kisha akatikisa kichwa kuyakataa yale majani.

Baadaye ndipo aliponieleza. Wakati wa vita misitu ya Bosnia ilitegwa mabomu ardhini. Sehemu nyingi za Trebević zimesafishwa, lakini nchini humo bado kuna misitu ambayo kazi haijakwisha, nayo huwekewa vibao vyekundu vyenye fuvu la kichwa. Mtu aliyeishi yale hana haja ya kibao. Haachi njia kwa matunda, wala kwa kivuli, wala kwa haja.

Chuoni tulifundishwa kwamba kusali katikati ya njia ipitayo watu ni makuruhu. Siku ile tulisali katikati ya njia. Kibla chetu Mombasa ni kaskazini, kule ni kusini mashariki, na mzee ndiye aliyenigeuza mabega. Msichana na mvulana wenye mikoba mgongoni walifika, wakasimama kimya mpaka tukatoa salamu.

Siku ya mwisho goti liliomba amani, tukachagua tambarare. Kutoka Bentbaša, ukingoni mwa mji wa kale, kuna njia ifuatayo mto Miljacka kuelekea mashariki, kati ya majabali. Mwendo wetu wa kizee ulikuwa kama saa moja. Mwisho wake kuna daraja la mawe meupe la zama za Waturuki, waliitalo Kozja ćuprija, yaani Daraja la Mbuzi. Watu husimulia kwamba mchunga mbuzi alipata hazina hapo, akaijengea daraja.

Lakini maalim hakunipeleka kwa ajili ya mbuzi. Hiyo ilikuwa njia ya Istanbul. Waendao Hija walisindikizwa na jamaa zao mpaka darajani, wakaagana hapo.

Nikamkumbuka babu yangu, aliyeondoka Mombasa kwa meli kwenda Hija, akafia Makka na kuzikwa huko. Bibi alimsindikiza mpaka bandarini, na toka siku hiyo hadi kufa kwake hakukubali kupitishwa barabara ya bandarini tena. Nikamuuliza mzee, walipoagana hapa walisemaje?

“Allahimanet,” akasema. Kwa Mwenyezi Mungu, amana.

Bibi naye alisema hivyo hivyo: nakuweka amana ya Mungu.

Nilivuka mpaka ng'ambo ya pili, nikageuka. Maalim alikuwa amesimama upande wa mji, mkono ameuinua. Nikarudi kwake upesi kadiri goti lilivyoniruhusu, kwani kahawa nayo ilikuwa upande ule.