Siku Tatu za Kumfuata Mdogo Wangu Al Ain

Kutoka Wadi Kabir, ninakoishi hapa Muscat, mpaka Al Ain katika Falme za Kiarabu ni kilometa zisizofika 400. Ni mwendo wa asubuhi moja. Hata hivyo mimi na mdogo wangu tulikuwa hatujaonana kwa miaka minne. Mimi ni muuguzi, yeye ni mhudumu wa hoteli. Nikipata mapumziko, yeye yuko zamu. Akipata yeye, bataka yangu, yaani kadi ya ukaazi, iko kwenye kuhuishwa. Wengi wetu tulioko Ghuba tunaijua hali hii: simu kila siku, kuonana hakuna.

Mwaka huu kulikuwa na jambo lisilofaa kuzungumzwa kwenye simu. Mama yetu yuko Tanga, na mwaka jana alipata kiharusi. Wifi yetu ndiye anayemuuguza, na ingawa hasemi, sauti yake imechoka. Lazima mmoja wetu arudi nyumbani. Nani, lini, na nani atalipa ada za watoto? Kila tulipolianza jambo hili kwenye simu, mmoja alilia au salio lilikwisha.

Basi nikaomba siku tatu kazini. Nikamchukua mwanangu wa miaka tisa, na mtoto wa mjomba wangu, ambaye ni fundi katika gereji moja hapa Wadi Kabir, akatuendesha kwa gari lake. Kwa kuwa njia yenyewe inapita miji ya kale na maziwa ya milimani, nakuandikia na wewe msomaji, huenda una ndugu upande wa pili wa mpaka.

Kwanza makaratasi

Sisi wakazi wa Oman tusio raia wa nchi za Ghuba tunaomba viza ya kielektroniki ya Falme za Kiarabu kabla ya kuondoka. Ni ya siku 30. Hakikisha pasipoti ina zaidi ya miezi sita na bataka haikaribii kwisha. Bima ya gari iwe inakubalika upande wa pili, na kama gari si lako, mwenye gari akupe barua ya ruhusa. Beba pesa taslimu kidogo kwa ada za mpakani. Masharti hubadilika, kwa hiyo yaangalie upya wiki ya safari.

Asiye na gari, hasa mwanafunzi, asikate tamaa. Kampuni ya mabasi ya Mwasalat ina basi la Muscat hadi Abu Dhabi linalopita Buraimi na Al Ain.

Siku ya kwanza: Sohar na Hatta

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, tukafika Sohar kabla jua halijawa kali. Mji huu unatuhusu sisi watu wa pwani kuliko wengi wanavyofikiri. Msafiri na mwandishi Al-Mas'udi aliandika kwamba mabaharia wa Oman walikuwa wakienda hadi Qanbalu, kisiwa cha nchi ya Zanj. Yeye mwenyewe alirudi Oman kutoka huko mwaka 304 Hijria, sawa na 916 hivi. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba Qanbalu ni Pemba. Nilimwambia mwanangu: zaidi ya miaka elfu moja iliyopita watu walikuwa wakisafiri kati ya hapa na kwetu, bila ndege, wakingoja pepo za kaskazi na kusi.

Katika ngome nyeupe ya Sohar kuna kiungo kingine. Liwali wa mji huu miaka ya 1740, Ahmad bin Said, ndiye aliyewazuia Waajemi, kisha akawa mwanzilishi wa ukoo wa Al Busaidi. Mjukuu wake, Seyyid Said, ndiye aliyehamishia makao yake Unguja.

Kutoka Sohar tulikwenda kaskazini, tukakata kuelekea milima ya Hajar na kuvuka mpaka pale Al Wajajah. Foleni ilikuwa fupi. Dakika chache baadaye tukawa Hatta, mji mdogo wa milimani ulio sehemu ya Dubai ingawa uko mbali nayo. Una msikiti wa mwaka 1780 na ngome ya 1896, na juu yake kuna ziwa.

Niseme kweli, ziwa hili si la asili. Ni maji ya mvua yaliyozuiwa na bwawa kati ya miamba mikavu ya rangi ya kahawia. Mtu wa Mwanza akilionyeshwa atauliza ziwa liko wapi. Lakini rangi yake ni kijani kilichoiva, na ukimya wake unatuliza. Watu hupanda mitumbwi midogo ya kukodi. Juu zaidi wamejenga bwawa la pili kwa ajili ya mradi wa umeme wa megawati 250: umeme wa jua ukiwa mwingi, maji husukumwa juu, umeme ukihitajika, huachiwa yashuke. Mwanangu alilielewa hilo upesi kuliko mimi.

Siku ya pili: Mleiha na Al Ain

Barabara fupi ya kutoka Hatta inakatiza kipande cha ardhi ya Oman, kwa hiyo sisi wenye viza tulizunguka milimani hadi Mleiha, katika emirati ya Sharjah. Mwaka 2025 UNESCO iliiingiza Faya, eneo la jirani lenye alama za binadamu wa zama za mawe, katika urithi wa dunia. Mleiha yenyewe ilikuwa mji wa misafara ya ngamia kabla ya Uislamu. Kilichonishangaza ni habari ya jiwe la kaburi lililofukuliwa hapo, la karne ya 3 kabla ya Kristo. Maandishi yake yanamtaja mfalme wa Oman. Leo, kati ya mahali hapo na Muscat, nimegongewa mihuri miwili.

Al Ain maana yake ni chemchemi. Mji huu na Buraimi ya Oman ni oasisi moja. Mpaka ulipochorwa, vijiji vyake vitatu vilibaki Oman na vingine vikawa vya Abu Dhabi. Hadi katikati ya miaka ya 2000 watu walikuwa wakienda upande wa pili kununua samaki na kurudi bila kuulizwa kitu. Sasa kuna uzio.

Mdogo wangu alitungojea kwenye lango la oasisi. Amekonda. Mwanangu alimwita "mama mdogo" kwa aibu, kisha hakumwachia mkono siku nzima. Tulikwenda kwanza Hili, kwenye kaburi kubwa la mviringo la miaka kama 4,000 lenye watu na wanyama waliochongwa juu ya mlango. Kisha tukarudi kwenye kivuli cha mitende.

Humo ndani maji hupita kwenye mifereji ya falaji, yakitoka mbali chini ya ardhi. Katika eneo hili wamekuwa wakichimba falaji kwa miaka kama 3,000. Binamu yangu, aliyeoa Mwomani wa Nizwa, alitueleza jinsi wanavyogawana. Falaji haigawanywi kwa ndoo, inagawanywa kwa muda. Kila mwenye hisa ana zamu yake, na kipimo kimoja, kinachoitwa athar, ni kama nusu saa. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha jua, usiku kwa nyota. Asiye na shamba msimu huo huikodisha zamu yake kwa mwingine. Yupo wakili wa falaji anayeandika hesabu, ili ndugu wasigombane.

Mdogo wangu akasema, "Dada, na sisi tungeandika."

Tukaandika, nyuma ya karatasi ya hoteli. Mkataba wake unakwisha Machi, kwa hiyo yeye ataanza, miezi sita. Miezi hiyo mimi nitalipa ada ya binti yake na kumpa yeye kiasi alichokuwa akituma nyumbani, kwa sababu anayeshika zamu ya kukaa na mgonjwa asiachiwe tena zamu ya kulipa. Baada yake nitakwenda mimi kwa likizo yangu ya mwaka, na kaka yetu atafuata. Wifi atapumzika kwao mwezi mzima, nauli juu yetu. Tulimpigia mama tukamsomea. Akasema kwa ule ulimi wake mzito, "Sasa nyinyi ni watoto wa mtu mmoja."

Siku ya tatu: kurudi

Asubuhi tulipanda Jebel Hafeet, mlima wa zaidi ya meta 1,200, tukaziona Al Ain na Buraimi kama mji mmoja. Kisha tukaagana. Kituo cha pasipoti cha Oman hakiko Buraimi penyewe, kiko mbele, Wadi al-Jizzi, katikati ya milima iliyokuwa ikichimbwa shaba tangu enzi za Magan. Usishangae ukiendesha muda mrefu kabla ya kugongewa muhuri. Magharibi tulikuwa Wadi Kabir.

Ndugu msomaji, ukipanga safari kama hii, chagua kati ya Novemba na Machi, joto likiwa limepungua. Beba maji, kofia za watoto na nakala za makaratasi yote. Na kama una ndugu karibu na njia, weka siku yake kwanza katika ratiba, kisha ndipo upange ngome na maziwa.