MGUU BILA FUNDI HAUTEMBEI

Mfanyakazi anapokatwa mguu na mashine, au mkulima anapoupoteza mguu wake kwa kidonda cha ugonjwa wa sukari, watu wengi huhesabu kwamba kazi imekwisha siku kidonda kinapofunga. Sisi twasema kwamba siku hiyo ndipo nusu ya pili ya kazi inapoanza. Mtu huyo ana watoto wa kulisha, ana shamba au karakana inayomngoja, na ana heshima yake mbele ya jirani zake. Kumrudisha huko ndiko kuitwako utengamao, na jambo hili si sadaka. Ni haki yake, na ni faida ya taifa zima.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa taarifa kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja cha kuwasaidia, kama vile kiti cha magurudumu, shimesikio, miwani au mguu wa bandia. Karibu watu bilioni 1 miongoni mwao hawavipati. Katika baadhi ya nchi maskini, wanaopata ni watu 3 tu katika kila 100 wanaohitaji.

Wako wanaodhani kwamba dawa ya upungufu huu ni kungoja meli ituletee vifaa kutoka ng'ambo. Twapenda ndugu hao watazame yaliyotendeka katika mji wa Jaipur, India. Huko, mwaka 1968, daktari wa mifupa P. K. Sethi na fundi wa kazi za mikono Ram Chandra Sharma walitengeneza mguu wa bandia wa namna mpya. Miguu iliyokuwa ikitumika kabla ya hapo ilikuwa imefikiriwa kwa ajili ya mtu wa Ulaya, avaaye viatu na kuketi kitini. Lakini mkulima wa India huchuchumaa, huketi chini na kukunja miguu, na huingia pekupeku katika mashamba yaliyojaa maji. Mguu usiokunjika na usiotaka maji ulimfaa nini? Wengi waliuacha pembeni mwa nyumba, wakarudia magongo yao.

Mguu wa Jaipur ulifanywa kwa mpira na mbao, vitu vilivyopatikana papo hapo, nao ukavikwa mpira wenye rangi na umbo la mguu wa mtu. Nyayo yake huweza kupinda huku na huku, kwa hiyo mwenye kuuvaa aliweza kuchuchumaa, kupita juu ya mawe na kuingia matopeni bila kiatu. Mwaka 1975 kilianzishwa huko chama cha kuwapa watu miguu hiyo bila malipo. Funzo ni wazi. Daktari alikubali kumsikiliza mgonjwa, na fundi alikijua kitu kilichopo sokoni. Walipokaa pamoja, mmoja bila kumdharau mwenziwe, wakapata kile ambacho fedha peke yake isingekileta.

Lakini hata mguu ulio bora kabisa hautembei wenyewe. Baada ya mguu kukatwa, kigutu huvimba, kisha hupungua mwezi hata mwezi, na kikombe kinachokishika kigutu hakina budi kubadilishwa. Kikombe kisichokaa sawasawa huchubua ngozi, na mchubuko huwa kidonda kipya. Mgonjwa akiachwa alale siku nyingi goti likiwa limekunjwa juu ya mto, goti hukakamaa, na kuvaa mguu huwa taabu kubwa. Ndiyo maana mazoezi ya viungo huanza mapema. Na mtoto hukua: mguu uliomtosha mwaka huu hautamtosha mwaka ujao. Kwa hiyo kumpa mtu mguu mara moja, kupiga picha naye na kumwaga ni kazi isiyotimia. Yahitajika awe na fundi ambaye atamrudia.

Katika jambo hili sisi Tanzania hatuanzii mahali patupu. Tangu mwaka 1981 kiko Moshi, katika eneo la Hospitali ya KCMC, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia, nacho kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Ujuzi basi tunao. Tatizo ni kwamba karakana zimejikusanya katika hospitali kubwa za mijini, na mwenye mguu mmoja ndiye anayetakiwa kusafiri mbali kuliko wote. Nauli ya kwenda kukaza msumari mmoja yaweza kuzidi akiba ya msimu mzima.

Sheria nazo tunazo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua 3 katika kila 100. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008 inautambua utengamao kuwa ni fao la mfanyakazi aliyeumia kazini. Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haimwinui mtu.

Hapana budi basi kila mmoja ashike sehemu yake. Wanaopanga fedha za hospitali za mikoa wakumbuke fundi na malighafi yake kama wanavyokumbuka dawa. Vyama vya wafanyakazi viulize katika kila kiwanda: wako wapi wale 3 katika 100? Na mwenzetu aliyeumia mwaka jana, je, amedai haki yake na kurudi kazini, au amesahauliwa nyumbani? Wanachama katika matawi wawatafute waliofichwa vyumbani na jamaa zao kwa aibu isiyo na msingi, wawafikishe kwa wataalamu mapema.

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Leo ni yeye, kesho yaweza kuwa wewe usomaye au sisi tuandikao. Karakana tutakayoijenga kwa ajili ya jirani zetu, huenda siku moja tukaingia mlango wake kwa haja yetu wenyewe.